Pasi kwanza, picha baadaye: majibu kwa wanaotaka kuwa mastailisti

Nataka kuwa stailisti. Ninunue kamera gani? (Chumbageni, Tanga)

Usinunue. Kamera ni ya mpiga picha; stailisti huchagua nguo na kumvisha mtu. Wewe nunua pasi, futi ya fundi, pini na sindano. Swali hili linarudi kila mara, na wanaoliuliza hawasemi hata siku moja kama wanajua kupiga pasi.

Niko Ngamiani, nimemaliza kidato cha nne. Lazima nihamie Dar es Salaam?

Si sasa. Ni kweli Swahili Fashion Week, maonyesho ya mavazi aliyoyaanzisha mbunifu Mustafa Hassanali mwaka 2008, yako huko, na ukipata nafasi ya kuvisha watu nyuma ya jukwaa usiiache. Lakini kule hakuna mwenye muda wa kukufundisha. Zipu ikikwama wanakutazama wewe. Anzia kwa fundi cherehani wa mtaani kwako. Mwombe ukae naye upime, ufumue, upinde. Kijue kitambaa kwa mkono. Ukikitilia shaka, chomoa uzi uuchome kando: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kidonge kigumu. Pasi ya kuifaa pamba itaiharibu poliesta, na gauni la kuazima likiungua unalilipa wewe.

Nilimvalisha mteja gauni la kanga kwenye harusi, shangazi zake wakanuna. Kosa langu nini?

Hukuniambia kanga imeandikwaje, na jibu limo humo. Huku kwetu kanga husomwa. Jina la mafumbo mbele ya wakwe ni ugomvi, hata rangi zikipendeza namna gani. Tena wengi mnakata jina katikati na kutupa pindo, kana kwamba mmepewa kitambaa cha pazia. Inaniuma. Kabla ya kushika mkasi, mwonyeshe doti hiyo mama mtu mzima wa upande wa bibi harusi, akusomee na akuambie itapokelewaje. Na iloweke kwanza, maana pamba mpya hunywea ikifuliwa.

Bila nguo za dukani nitapataje jina?

Ray Petri, stailisti Mskoti aliyefanya kazi London miaka ya 1980 na kundi lake la Buffalo, alichanganya jaketi za marubani wa jeshi na nguo za michezo, picha zikatoka kwenye majarida ya The Face na i-D. Alifariki 1989 na bado anaigwa. Kazi yake ilikuwa kuchagua. Marobota ya mitumba yanafunguliwa karibu nawe. Nenda mapema, kagua kwapa, kola na mishono.

Kanzu nyeupe ya mteja imeshika kutu. Nitie jiki?

Nimeshakataza! Jiki huikoleza kutu. Paka ndimu na chumvi, anika juani, suuza vizuri. Na hapa Tanga, kwa upepo huu wa bahari, usiache pini wala henga za chuma kwenye nguo usiku kucha.

Stailisti mwenyewe avae nini?

Nguo safi, viatu vya kusimama kutwa, mfuko wa kuwekea pini. Siku ya harusi usishindane na bibi harusi.

Mteja anasema atanilipa picha zikitoka. Nikubali?

Hapana. Pokea malipo ya awali kabla hujaazima hata mtandio, na makubaliano yaandikwe: nani analipa dobi, nani analipa kikichanika. Ndugu wa damu naye aandikishwe.