Tuzo imetoka CMA, tuipigie makofi lini?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni afisa utumishi wa shirika dogo linalotoa msaada wa kisheria kwa watu wenye ulemavu. Ofisi iko Dodoma mjini, na tuna wasaidizi wa kisheria Chamwino na Kongwa. Wiki ijayo, Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, tunataka kuwapongeza wenzetu watatu. Wa kwanza ni wakili wetu aliyemshindia mteja kiziwi shauri la kuachishwa kazi. Tuzo imetoka CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) wiki tatu zilizopita. Wa pili ni msaidizi wa kisheria wa Chamwino aliyefikisha miaka mitano. Wa tatu ni dada wa mapokezi, asiyeona, aliyehitimu stashahada ya sheria. Mkurugenzi anataka mteja apande jukwaani na picha zake ziwekwe mtandaoni, kila mfanyakazi apewe bahasha ya laki tano, na cheti cha msaidizi wa kisheria kiandikwe "Wakili wa Wanyonge". Kuna tatizo kisheria? (Afisa Utumishi, Area D)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kuwapongeza hakuna tatizo, na mmechelewa hata. Ila katika hayo matatu ya mkurugenzi, moja lisubiri, moja lina hesabu yake, na moja mlifute leo kabla cheti hakijaenda kuchapwa.

Nianze na hilo la kufuta. Msaidizi wa kisheria anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa jina hilohilo. Wakili ni mtu mwingine: amekubaliwa na Jaji Mkuu na jina lake liko kwenye orodha ya mawakili. Sheria ya Mawakili, Sura 341, inamkataza asiye wakili kujitambulisha kama wakili. Najua mkurugenzi ametia chumvi kwa mapenzi tu, lakini cheti hicho kitatundikwa ukutani Chamwino, na mwananchi atakayekiona atataka asimamiwe mahakamani, jambo ambalo msaidizi wa kisheria haruhusiwi kulifanya. Andikeni alichofanya: ameelekeza wananchi, ameandika barua, amepeleka mafaili kwa wakili kabla muda haujapita. Shauri la kuachishwa kazi lina siku 30 tu za kulifikisha CMA. Msaidizi anayempandisha mteja basi siku ya 28 ameokoa kesi ambayo wakili yeyote angeikuta imekufa.

Sasa tuzo. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili: tuzo ya mfanyakazi bora, na tuzo ya CMA, yaani uamuzi wake kwenye shauri. Ya kwanza ikishatolewa imetolewa. Ya pili bado ina mguu mmoja nje. Mwajiri aliyeshindwa ana wiki sita, yaani siku 42 tangu akabidhiwe tuzo, kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ninyi mko wiki ya tatu. Mkiweka picha ya keki yenye maneno "tumewashinda", mwajiri ambaye pengine alikuwa anatafuta hela ya kulipa anaweza kubadili mawazo na kutafuta wakili. Nimeliona hili likitokea, na aliyeumia hakuwa shirika, ni mteja aliyeendelea kusubiri fedha zake. Desemba 3 mpongezeni wakili wenu kwa kazi ya mwaka mzima. Hilo shauri liwekeni kiporo hadi muda upite au fedha zilipwe. Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari haiko mbali, na viwanja vya Chinangali mnavijua.

Mteja kupanda jukwaani ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Niliwahi kualikwa kwenye hafla ya taasisi moja ambapo MC alimwita mama mmoja mbele, akasoma ugonjwa wake, kiasi alicholipwa na mtaa anaokaa. Ukumbi ulipiga makofi. Mama alitazama chini muda wote, na nilipoongea naye baadaye aliniambia shemeji zake walikuwa hawajui habari za hiyo hela.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuzitumia kunahitaji kwanza ridhaa ya maandishi ya mhusika. Juu ya hapo wakili ana wajibu wake wa kutunza siri za mteja, na wajibu huo hauishi faili likifungwa. Mkurugenzi anaweza kujibu kwamba kesi ikifika Mahakama Kuu hukumu huwekwa TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, kila mtu anaisoma. Sawa, taja kilichomo kwenye hukumu. Yale aliyowaambia mlango ukiwa umefungwa hayamo humo.

Kuondoa jina pekee hakutoshi. Rasimu ya maneno ya kumtaja mteja, mliyonitumia pamoja na swali, sitairudia hapa, nitatunga yangu: "fundi cherehani kiziwi wa kiwanda cha sare, Kizota". Jina halipo, lakini Kizota nzima imeshamjua. Afadhali: "Wakili wetu amesimamia shauri la ubaguzi kazini kwa misingi ya ulemavu, akahakikisha mkalimani wa lugha ya alama yupo kila kikao." Sentensi hiyo inamsifu wakili kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ya kwanza haikusema wakili alifanya nini.

Mteja mwenyewe akitaka kuonekana, ni haki yake, msimfiche kwa kumhurumia. Ila aulizwe na mtu ambaye si wakili wake, shauri likiwa limekwisha kabisa, asije akadhani akikataa mtamtupa. Mkalimani asiwe kaka yake wala jirani. Aonyeshwe picha yenyewe na maneno yenyewe, aelezwe anaweza kubadili nia, ndipo asaini.

Bahasha. Laki tano kutoka kwa mwajiri ni sehemu ya mapato ya ajira hata ukiifunga kwa utepe, kwa hiyo inajumlishwa na mshahara wa mwezi huo kabla ya kukata PAYE, ile kodi ya mshahara. Chukulia mfanyakazi ambaye mshahara wake wa kutozwa kodi ni 900,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi yake ni 103,000. Ukiongeza 500,000 anafika 1,400,000 na kodi inakuwa 248,000. Tofauti ni 145,000, kwa hiyo zawadi halisi ni 355,000. Mwambieni mapema, au shirika libebe kodi hiyo na mpige hesabu upya. Kodi ifike TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Na kama fedha ni za mfadhili, someni mkataba kwanza. Kitu kimoja msikifanye: kumfungia wakili bonasi kwa kila kesi anayoshinda. Atakayepata shida ni mteja mwenye kesi ngumu, kwa sababu faili lake litakaa chini ya mengine.

Dada wa mapokezi hana kikwazo chochote cha kisheria, ila cheti chake kitolewe pia kwa nukta nundu. Dodoma hapa hamtakosa mtu wa kuwasaidia, waliosoma shule ya wasioona ya Buigiri wapo. Hotuba ya kumsifu itaje stashahada, isitaje "ingawa haoni". Na kabla hamjalipia ukumbi, nendeni mkaangalie jukwaa. Likiwa na ngazi tatu na hakuna njia ya mteremko, tuzo zote zitolewe chini, kwa kila mtu, pamoja na mkurugenzi akihutubia.