Kutembea Peke Yako Kwenye Theluji ya Mwisho wa Baridi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimezoea kutembea na kikundi tukiwa na viatu vya theluji, vile vipana vinavyofungwa chini ya buti. Sasa majira ya baridi yanaelekea ukingoni, siku zimerefuka, nami natamani kwenda peke yangu porini kwa siku moja. Wenzangu wanasema huu ndio wakati mbaya kuliko yote, lakini mimi naona hali ya hewa imetulia. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, kila upande una ukweli wake, na kinachoamua ni saa utakayokuwa njiani. Wakati huu wa mwaka jua la mchana huyeyusha theluji ya juu, na usiku, anga likiwa wazi, maji hayo huganda upya, hata asubuhi ukakuta gamba gumu linalombeba mtu bila kudidimia. Hapo utakwenda kwa wepesi, meno ya chuma ya viatu yakishika vizuri. Baadaye mchana gamba lilo hilo hulegea, na mguu unaweza kuzama hadi gotini, kwa sababu viatu hivyo hutawanya uzito wako tu, haviupunguzi. Safari ya kurudi basi huwa ndefu kuliko ya kwenda, nawe umeshachoka na umelowa jasho.

Kwa hiyo ondoka kabla jua halijachomoza, panga mapema saa ya kugeuka, na uifuate hata kama kilele kiko mbele ya macho yako. Ikiwa usiku ulikuwa na mawingu na fimbo yako inazama kirahisi asubuhi, ahirisha safari.

Hofu yangu kubwa ni vijito. Maji ya kuyeyuka huila barafu kutokea chini, huku juu theluji ikionekana vile vile ilivyokuwa jana. Huenda umesikia kwamba barafu ya sentimita 10 inamtosha mtembea kwa miguu. Kipimo hicho ni cha barafu mpya, ngumu na angavu, wala si hii ya mwisho wa baridi, ya kijivu na iliyooza, ambayo huweza kuvunjika hata ikiwa nene zaidi. Ukiona theluji imebonyea kwa mstari mrefu, au ukisikia maji yakitiririka chini ya miguu, zunguka, hata kama itakugharimu saa nzima.

Maporomoko ya theluji huanzia zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na katika kizio cha kaskazini ile inayoelekea kusini hulegezwa mapema na jua. Kifaa cha kutoa ishara ukifukiwa hakina faida kubwa pasipo mwenzako wa kuipokea na kukufukua, hivyo mtu aliye peke yake asipite juu ya miteremko hiyo wala chini yake. Chini ya misonobari yenye matawi ya chini huwa kuna mashimo ya theluji tifutifu, usiyakaribie.

Vaa miwani ya jua, kwani theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya miale inayounguza macho. Acha nguo za pamba, punguza nguo kabla hujatoka jasho, na weka simu karibu na mwili kwa kuwa baridi humaliza betri. Chupa ya maji ibebe kichwa chini, maana maji huanza kugandia juu.

Raha yake nayo ipo, sikatai. Utaona nyayo za sungura zilizoganda tangu usiku, zile kubwa za nyuma zikiwa mbele ya ndogo, hata mgeni akadhani mnyama alielekea upande wa pili.

Kwa mara ya kwanza chagua njia uliyokwisha kuipita na kikundi. Mwachie mtu mmoja ramani yenye njia hiyo na saa ambayo, usipokuwa umerudi, atawaita waokoaji. Kisha usibadili njia ukiwa huko.