Kupanga Kilcock na kufanya kazi Dublin

Dada, umeuliza kama upange Kilcock, maadamu kodi ya Dublin imekushinda na kazi yako iko karibu na stesheni ya Connolly. Panga, ila angalia zamu zako kwanza.

Mji wenyewe ni mdogo na mzuri: uko katika kaunti ya Kildare, Ireland, mpakani na kaunti ya Meath, na sensa ya 2022 ilihesabu watu wasiofika 9,000. Mfereji wa Royal Canal unapita katikati, na pale bandarini utakuta vijana ndani ya kayaki wakirushiana mpira. Stesheni, iliyofunguliwa upya 1998, iko ukingoni mwa mfereji huohuo.

Shida ni treni. Nyingi zinazotoka Dublin huishia Maynooth, kituo kimoja kabla ya Kilcock, na zile ziendazo mbali zaidi, hadi mji wa Sligo, si zote zinazosimama Kilcock. Ukitoka zamu usiku, utateseka. Kwa hiyo, kabla hujalipa amana, fungua ratiba ya Jumapili, si ya Jumatatu tu. Kama zamu za usiku ni nyingi, tafuta chumba Maynooth, japo utashindana na wanafunzi wa chuo kikuu. Septemba ndiyo mbaya zaidi.