Stika klia kwenye kioo cha duka, rangi zinapotelea wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Mi nina saluni hapa Morogoro, mbele kuna kioo kikubwa, nikataka niweke picha ya mdada aliyesuka na jina la saluni ila watu waendelee kuona ndani, nikaambiwa dawa yake ni stika klia, ile ya plastiki inayoonyesha upande wa pili. Pale ofisini kwa wachapaji ilikuwa inang'aa kweli, kuja kubandika ukisimama barabarani huoni kitu, mdada kawa kama moshi na jina lenye maandishi ya njano ndo limepotea kabisa. Fundi aliyebandika anasema eti kioo changu kina giza. Ninunue klia ya bei ya juu zaidi? – Mama Saluni

JIBU: Pole sana dada, na hiyo hela ya klia ya bei ya juu usiitoe kwanza. Hapo kilichokosekana ni wino mweupe. Rangi za kawaida za mashine zinapitisha mwanga, zinahitaji weupe nyuma yake ndo zionekane. Pale ofisini stika ilikuwa bado imelala kwenye karatasi yake ya nyuma ambayo ni nyeupe, ukaona inang'aa, siku ya kubandika ile karatasi ikatupwa na weupe ukaenda nayo. Sa mchana ndani ya saluni kuna giza kuliko barabarani, kwa hiyo nyuma ya picha yako kuna giza tupu, na njano ndo huwa ya kwanza kuzama. Fundi hajakudanganya sana, ila vioo vyote vya maduka viko hivyo mchana, alitakiwa ajue.

Kwa hiyo swali la kwanza ukifika kwa mchapaji ni mashine yake ina wino mweupe au haina. Nyingi za kawaida za rangi nne hazina, za UV, zile zinazokausha wino kwa mwanga, mara nyingi zinao. La pili, stika inakaa ndani ya kioo au nje? Ikikaa nje, weupe unachapwa kwanza alafu rangi juu yake. Ikikaa ndani, picha inageuzwa kushoto kulia, rangi zinatangulia alafu weupe unafunika mgongoni. Mi kwa saluni ningeweka ndani, vumbi na mvua havigusi wino na hamna mpita njia wa kukwangua kona kwa kucha. Na mwambie dizaina weupe aweke chini ya picha na maandishi tu, kwingine aache wazi, asije akajaza kioo kizima ukabaki umejifungia.

Kabla hujalipia yote omba kipande kidogo cha sampo kilichochapwa vilevile, kibandue, kiweke juu ya kioo cha simu iliyozimwa, upande wa picha ukikutazama. Rangi zikibaki hai hapo, hata kwenye kioo chako zitabaki. Zikizama, rudisha.

Ukweli mwingine ambao wachapaji hawapendi kusema: kama ni jina na logo tu bila picha huhitaji klia kabisa, chukua vinyl ya rangi, yaani plastiki ya stika yenye rangi yake tayari, ikatwe kwa plota, ile mashine ya kukata herufi, inadumu zaidi na haina ukungu pembeni ya herufi. Klia ni ya picha.

Klia zenyewe zinatofautiana kwenye gundi. Ile ya karatasi ya kawaida nyuma, ukiibandua gundi inabaki na vikwaruzo kama ngozi ya chungwa na kwenye kioo vinaonekana, yenye plastiki laini nyuma gundi yake inatoka safi. Hiyo ndo ya kulipia zaidi. Uliza pia kama plastiki yake ni ya aina ya monomeriki au polimeriki, ya kwanza ni ya bei rahisi ila juani inasinyaa na kingo zinaachia.

Kubandika ni kwa maji, matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye chupa ya kupulizia, kioo kikwanguliwe kwanza kwa wembe maana dawa ya nywele inaruka ikaganda pale na hutaiona. Skwiji, kile kibao cha kusukumia maji, anzia katikati kwenda nje. Siku mbili tatu za mwanzo itaonekana ina maziwa, usiiguse, ni maji yanakauka. Hii ya zamani ipashe joto la draya, si unayo, alafu vuta taratibu.

SWALI: Duka langu la simu Mombasa linaangalia magharibi, nataka watu wasione ndani ila mimi nione nje. Klia inafaa? – Kijana wa Simu

JIBU: Hapana ndugu yangu, wewe unataka ile yenye vitundu, wan wei. Upande wa ndani ni mweusi, ndo maana unaona nje. Ila inafanya kazi mchana tu, usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, walio nje wanakuona vizuri mpaka bei za simu, kwa hiyo bado utahitaji pazia au shata. Na ukiibandika nje iwekwe laminesheni, yaani plastiki ya kufunika juu, mvua ikijaa kwenye vitundu huoni kitu mpaka ikauke. Jua la saa kumi litapungua kidogo, ila usitegemee ikupe baridi kama ya AC.