Kurudi Lubumbashi na watoto: kula kwanza kwa waliobaki

Umeuliza migahawa ya kuipeleka familia utakapotua Lubumbashi na watoto kutoka Kanada, baada ya miaka mingi mbali na mtaa wenu wa Katuba. Mimi nimekulia Kamalondo, mtaa mwingine wa mji huohuo, sasa naishi Lusaka, na kila nikipata nafasi navuka mpaka wa Zambia na Kongo pale Kasumbalesa kwenda kwetu. Ushauri wangu: mgahawa usubiri. Mama mkubwa aliyekulea ndiye wa kwanza kukulisha.

Ukifika na kusema "vaeni, twende mjini, nalipa mimi," umemfanya yeye kuwa mgeni wako, na alikungoja miaka yote uwe mgeni wake. Nimewaona wazee wetu mgahawani, wamependeza, menyu mkononi, wanakula kidogo na kuitikia "ndiyo, ndiyo." Wazee haohao ukiwakuta nyumbani, sombe (kisamvu) imeiva, bukari (ugali) linafuka moshi, watakuhadithia baba yako alivyooa, nani alihamia Kolwezi kufuata migodi, nani tumemzika. Mambo hayo hutayapata kwa kupiga simu.

Lakini usimbebeshe gharama. Watu wa kulisha watakuwa wengi, na kila kitu kinanunuliwa. Siku moja au mbili kabla, mpe anayepika pesa kwa siri, mkononi au kwa simu, umwambie ni za makala, yaani makaa. Ataelewa kwamba ni za unga, mafuta na samaki pia. Makala yenyewe si kisingizio: umeme hukatika, na sombe hukaa juu ya mbabula, jiko la makaa, muda mrefu. Usitoe noti mezani watu wakitazama. Ukiweza, mfuate asubuhi kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapohapo Lubumbashi, watoto wabebe mifuko. Watajuana na bibi yao haraka kuliko mkikaa sebuleni mnatazamana.

Kuhusu miezi, umesema Julai au Desemba. Nenda Desemba, au ukiweza vuta hadi Januari. Julai ni kiangazi, vumbi jekundu kila mahali na usiku baridi kali. Mvua zikishanyesha ndipo uyoga unapotoka, mwingine mkubwa ajabu, ule unaoota kwenye vichuguu vya mchwa, na wauzaji wanajipanga na mabeseni barabara ya Likasi. Ukaangwe kwa kitunguu na nyanya tu, usiuharibu kwa viungo. Nimekula vyakula vingi vya gharama ugenini, na hakuna kilichofikia uyoga ule. Finkubala, viwavi wa kuliwa, waliokaushwa utawapata hata nje ya msimu, ila wanunue kwa mtu ambaye mwenyeji wako anamjua, kwa sababu wasiposafishwa vizuri wana mchanga.

Watoto wasipikiwe chakula chao cha pembeni. Wakae na wenzao, wanawe, wamege bukari. Binti yangu alipoonjeshwa kikanda aliuliza ni nyama gani, na bibi yake akamweleza kwa fahari kubwa: ni mizizi ya okidi iliyotwangwa, ikapikwa na karanga. Mizizi hiyo huchimbwa porini na inazidi kuwa adimu. Inayoliwa huku Zambia, nyingi hutoka hadi nyanda za juu za Tanzania. Kwa hiyo ukiwekewa kipande, ujue umeheshimiwa. Munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, pia wape, lakini uliza kwanza umepikwa lini. Ukiwa mpya ni mtamu na mwepesi, ukikaa unachacha na kuanza kulevya.

Marafiki wa utotoni wana siku yao. Hao ndio wa kuwaalika nje na kuwalipia bila mtu kujisikia vibaya: michopo (nyama choma) ya mbuzi, chumvi, pilipili, kitunguu kibichi, bukari pembeni. Ikiwa timu ya mpira ya Mazembe inacheza nyumbani, fanyeni siku hiyo Kamalondo, karibu na uwanja wa timu uliofunguliwa mwaka 2011. Tangu mchana mtaa unanukia nyama. Ila usiunganishe siku ya marafiki na siku ya wazee. Wazee huanza mapema na husali kabla ya kula. Vijana wetu hufika saa mbili usiku na hawaondoki.

Nyumba yenu ya zamani, kama ina watu wengine sasa, piga hodi, sema wewe ni mtoto wa nani, na uwe na mkate au sukari mkononi. Mimi nilipokelewa na mama nisiyemjua, akanikalisha, akaniuliza habari za wazazi wangu kwa majina yao kwa sababu majirani bado huwataja.

Ukishapata tarehe, mwambie anayepika kabla ya kuwaambia marafiki. Habari zikifika Katuba, watakuja hata ambao hukuwaalika, na majani ya sombe ya kuwatosha wote hao yanahitaji kutwangwa tangu jana yake.