Binti kachaguliwa dahalia Unguja, baba hataki

SUALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama, niko Micheweni, Pemba. Binti yangu ana miaka 18. Kafaulu kidato cha nne na kachaguliwa kuendelea na kidato cha tano, masomo ya sayansi, skuli ya dahalia (bweni) Unguja. Baba yake kakataa. Anasema mwanamke hasafiri bila ya maharimu, yaani jamaa wa kiume asiyeweza kumuoa, au mumewe, na kwamba kuhitimu Kur-ani chuoni kunamtosha. Lakini kaka yake aliyefeli anarejea mitihani kwa mara ya pili, na pesa za karafuu za mwaka huu zimeishia kwenye tuisheni yake. Nikisema neno naambiwa napinga sharia. Je, ni kweli?

JAWABU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama, hongera kwa binti, Allah amzidishie.

Hadithi anayoitaja mumeo ni sahihi, na mimi si katika wale wanaoirusha pembeni kwa kuwa zama zimebadilika. Imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas: mwanamke asisafiri ila awe na maharimu. Tatizo ni kuwa watu huisoma nusu. Mtume (s.a.w.) alipoyasema hayo, mtu mmoja alisimama akasema: "Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, mimi nimeandikwa kwenye vita kadhaa, na mke wangu ametoka kwenda kuhiji." Hapa wengi wetu tungetarajia jibu liwe, mwite arudi. Aliambiwa hivi: "Nenda ukahiji pamoja na mkeo." Mwanamme ndiye aliyeondolewa jihadini akamfuate mkewe, na safari ya mwanamke ikabaki pale pale. Basi anayeishika hadithi hii aishike yote: imempa yeye kazi ya kusindikiza.

Na kilichokatazwa hapo ni safari. Kukaa mahali pa amani baada ya kufika ni suala jengine. Mtoto akipanda boti Mkoani na baba yake, akafikishwa mpaka mlangoni kwa mlezi wa dahalia, na likizo akafuatwa, hapo katazo limeshatekelezwa. Baba ana shughuli? Huyo kaka yake anayelipiwa tuisheni ni maharimu wake. Nauli ya mtu wa pili ni mzigo, najua, lakini ni mzigo wa mara chache kwa mwaka.

Wako wanaokimbilia kauli ya kuwa kundi la wanawake waaminifu linatosha badala ya maharimu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, hilo limekubaliwa kwa hija ya faradhi. Kwa safari nyengine, Imam Nawawi ametaja kuwa baadhi ya wanazuoni wetu waliruhusu na wengi wakakataa. Kwa hiyo nisingependa muanzie hapo na hali ndugu yake yupo.

Ama hili la chuo kumtosha: kuhitimu Kur-ani ni neema kubwa, lakini hakufungi mlango wa elimu. Hafsa, mke wa Mtume, alifundishwa kuandika na bibi aitwaye Shifaa bint Abdillah, na Mtume akamwambia Shifaa amfunze pia kisomo cha kutibu maradhi ya ngozi, kama alivyomfunza kuandika. Imo katika Abu Dawud. Ile riwaya wanayoinong'ona baadhi ya wazee, ya kuwa wanawake wasifunzwe kuandika, Imam Dhahabi kasema ni ya kuzuliwa. Woga huu si mpya kwetu. Skuli ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa mjini Unguja mwaka 1927 wapo wazazi waliosita, na leo wajukuu wao ndio wanaotuzalishia wake zetu hospitali. Tunadai wake zetu wahudumiwe na daktari mwanamke, kisha tunamzuia msichana asisome sayansi! Elimu ya tiba ni faradhi ya kutosheleza. Wasipopatikana wa kuibeba, dhambi ni ya sote.

Limebaki la pesa, na nadhani ndilo lililokuuma. Ada ya skuli ilifutwa tangu Septemba 1964, lakini sare, godoro, madaftari na nauli havijafutwa. Sahaba Nu'man bin Bashir alipewa zawadi na baba yake, na baba huyo akaenda kumshuhudisha Mtume. Akaulizwa, "Watoto wako wote umewapa mfano wa hiki?" Akasema la. Akaambiwa: "Mcheni Mwenyezi Mungu, na fanyeni uadilifu baina ya watoto wenu." Baba akaenda akairejesha zawadi yake. Wanazuoni wetu wa Kishafi wanasema kupendelea bila ya sababu ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza, hawakufika kusema haramu, kwa hiyo simuiti mumeo mtenda haramu. Isitoshe, anayerejea mitihani ana haja yake, na uadilifu si lazima wapate shilingi sawa. Lakini mmoja kupata mara mbili na mwengine kukosa kabisa, na sababu ikawa ni kuwa huyu ni mwanamke, hiyo si sababu mbele ya sharia.

Usimtoroshe mtoto, mama. Baba ndiye walii wake, msimamizi wake kisharia, na kheri haianzi kwa kuvunja nyumba. Mtafute saa ametulia, umsomee hadithi ile mpaka mwisho. Pengine kinachomtisha ni dahalia yenyewe, basi aende akaione: nani analala na watoto, geti linafungwa saa ngapi, wanaswali wapi. Kama moyo wake bado mzito, kaulizeni ofisi ya elimu kama atahamishiwa skuli ya hapo hapo Pemba yenye mchepuo huo. Akikataa na hilo, mchukue mzee wa upande wake anayemsikiliza, au imamu wa mskiti wenu, na fanyeni hima kabla siku ya kuripoti haijapita.

Wallahu aalam.