Maswali yenu: kujitolea kufundisha chuo kikuu ng'ambo

Shikamoo mwalimu. Nina digrii ya ualimu, somo la Kiingereza. Wakala mmoja anataka dola 900 anipeleke chuo kikuu China kujitolea, niingie kwa viza ya utalii. Niende? (Mbeya)

Marahaba. Usiende, na hela usiitoe. Swali hili limenichosha; kinachobadilika ni jina la mji tu. Mgeni anayefanya kazi China huingia kwa viza ya Z, kisha hupewa kibali cha kazi na cha ukaazi. Ukikamatwa darasani na viza ya utalii, kusema "najitolea" hakukuokoi. Sheria yao iliyoanza kutumika Julai 2013 inatoza faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito unawekwa ndani siku 5 hadi 15. Wakala hatalala humo hata usiku mmoja. Halafu jiulize: chuo kinalipa wapishi na walinzi, iweje mwalimu afundishe bure na nafasi ainunue? Hapo mteja ni wewe.

Korea Kusini je? Nasikia hawana masharti. (Nakuru)

Nani kakwambia? Viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza kwa kawaida hupewa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Wewe uliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea hutajwi humo. Naona ni ubaguzi, lakini manung'uniko hayagongewi muhuri. Ukiwa na shahada za juu na chuo kikakuajiri uhadhiri, kuna E-1, viza ya wahadhiri.

Peace Corps inachukua Watanzania?

Hapana. Hilo ni shirika la kujitolea la serikali ya Marekani, na wanaojitolea huko ni raia wa Marekani.

Cheti cha TEFL (kufundisha Kiingereza kwa wageni) cha saa 120, cha mtandaoni, kinatosha? (Kisumu)

Kwa chuo kikuu, usikitegemee. CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, ina angalau saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi anakutazama. Hicho chako umemfundisha nani?

Nataka kufundisha Kiingereza chuo kikuu Marekani. Kiswahili changu si kizuri sana. (Nairobi)

Unawapelekea Wamarekani Kiingereza? Haya. Kuna mpango wa Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, uitwao FLTA: walimu vijana wa Kiingereza wanakwenda vyuo vya huko kufundisha lugha ya nchi walikotoka, kama miezi 9, kwa viza ya J-1, ya mipango ya kubadilishana. Unapewa posho na bima, unasoma kozi kidogo, kisha unarudi nyumbani. Mwenzi na watoto wanabaki. Maombi ni bure, na tangazo hutoka ubalozini. Nchi yako isipoitwa mwaka huo, hakuna wakala wa kukupenyeza.

Ila huko wanataka Kiswahili, hicho hicho unachojivunia kutokukijua. Mwanafunzi atakuuliza kwa nini kitabu *kimeanguka* lakini kiongozi *ameanguka*. Utamjibu "ndivyo tunavyosema"? Wengi wanaoniandikia wangejibu hivyo, na wana digrii. Kaa na kitabu cha sarufi mwaka mzima kabla ya kujaza fomu.

Wakala wangu ni mzee wa kanisa letu, hawezi kunidanganya.

Labda naye kadanganywa. Mwombe barua ya mwaliko, kisha ipigie simu idara husika kwa namba iliyo kwenye tovuti ya chuo. Ile iliyoandikwa kwenye barua usiiguse.